Yule Mama Aliyeimba Mpaka Mwisho

Habari ya kifo cha Mama Véro niliipata kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la kwaya yetu, kati ya ujumbe kuhusu mazoezi ya Jumamosi na picha ya keki ya ubatizo. Ilisema kwamba muuguzi mstaafu wa kituo cha afya cha mtaa wetu wa zamani ametutoka, kwamba kilio kiko nyumbani kwake Hewa Bora, na kwamba familia inaomba kwaya ije kuimba. Wenzangu waliandika pole, mmoja baada ya mwingine. Mimi niliweka simu juu ya meza nikaendelea kukata matembele, hadi nikaona nimekata hata mashina ambayo huwa nayatupa. Sikuwa na huzuni, niseme ukweli. Nilikuwa na hasira ya zamani, ile ambayo mtu huishi nayo miaka mingi mpaka anasahau kwamba ni hasira, anadhani ndiyo tabia yake. Watoto wangu husema mama yao ni mkali. Hawajui ukali huo niliuokota wapi, na sikuwahi kuwaeleza, kwa sababu ni mambo ya ndani ya mwili, na mambo hayo kwetu husemwa kwa wakubwa wenzako au hayasemwi kabisa. Sasa nakaribia miaka hamsini, mimi ndiye ninayeongoza kwaya, na wakubwa wa kuambiwa wamebaki wachache. Nitayasema hapa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita na watoto watatu, na tuliishi Naviundu, katika lupango, uwanja wa nyumba za kupanga uliozungushiwa ukuta wa matofali. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta huo. Mvua ikinyesha, harufu ya mto uliopita karibu iliingia hadi kitandani. Jua likiwaka, ukuta ulirudisha joto lote ndani, na nguo za watoto nilizoanika juu ya kamba katikati ya chumba zilikauka kabla sijamaliza kufua nyingine. Mume wangu alikuwa na kazi kwenye mgodi upande wa Kolwezi. Alikuja mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi ulipita bila yeye. Siku nyingi sauti pekee ya mtu mzima niliyoisikia ilikuwa ya Mama Kapinga wa mlango wa pili, mama aliyetoka mkoa wa Kasai, aliyeuza vitenge mbele ya lupango. Alikuwa na sauti kubwa; akicheka, mtoto wangu wa mgongoni aliamka. Adhuhuri tulisonga bukari moja, ugali wetu, yeye akileta sombe ya majani ya muhogo na mimi samaki wa kukauka, au kinyume chake, na tulikula kwenye sahani moja tukiwa tumeketi chini kando ya mbabula, jiko la makaa, moto ukizimika polepole. Hapo ndipo alipoleta lile wazo.

"Mama Deo, miye nilisha kuchoka," alisema, mkono ukiwa bado ndani ya bukari. "Batoto batano banatosha. Unaona je, tuende kwa Mama Véro atutiye ile stérilet?"

Stérilet ndiyo jina tunaloita kitanzi, kile kidude cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi. Nilimwuliza kama mume wake anajua.

"Anajua. Yee mwenyewe njo alisema. Na wa kwako?"

"Alisema nifanye vile naona."

"Basi tuende pamoja. Ukiogopa, miye niko. Nikiogopa, weye uko."

Nikitazama nyuma, naona kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka, kuliko wingi wa watoto. Niliona raha kuwa na mtu wa kwenda naye mahali.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu kando ya ukuta, na chumba cha Mama Véro kilitengwa na benchi hilo kwa mbao nyembamba za tripleksi zilizopakwa rangi ya kijani mpaka nusu. Harufu ya javeli, dawa ya kusafishia sakafu, ilijaa kila mahali. Tripleksi haizuii sauti. Tulimsikia akiwafundisha wasichana wawili waliokuwa kwenye mazoezi ya kazi, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika. "Uyu wa kwanza, wa kwaya, alisha kuzala batatu. Njia ilisha kufunguka, hataona kintu. Ule wa Kasai njo atatusumbua. Bale banapenda kulia, mutasikia." Kapinga aligeuka akanitazama, nami nikatazama miguu yangu. Nilitaka kumwambia kitu. Lakini pazia lilifunguka na jina langu likaitwa.

Lazima niwe wa haki kwa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Alipasha maji moto ili chuma kisinishtue kwa baridi, jambo ambalo wengi hawalifanyi hata leo, na alinishika goti kwa mkono mwepesi. Kisha akanieleza desturi yake, ambayo mtaa mzima uliijua: mwanamke anayelala pale huimba. Wimbo wowote wa kanisani anaoujua, wa Wakatoliki au wa Waprotestanti, Mama Véro hakuchagua. "Ukiimba, mwili inafunguka," alisema. "Na miye njo namna yangu ya kujua. Wimbo ikikatika, najua inaluma, naacha. Ikiendelea, naendelea." Nikaona ni mpango wa akili. Wanawake wengi walimsifu kwa hilo, na naamini kweli wimbo uliwasaidia. Ila hakuna aliyefikiria itakuwaje akilala pale mtu ambaye kuimba ndiyo kazi yake.

Mimi nilikuwa soprano tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mkuu wa kwaya yetu wa wakati ule alikuwa mzee asiyecheka, na alitufundisha kitu kimoja kuliko vyote: noti haifi mdomoni mwako. Mvua ipige mabati mpaka padri asisikike, noti inaendelea. Jirani yako azimie kwa joto, watu wengine watamwinua, wewe endelea. Niliimba kwenye mazishi ya dada yangu bila kukosa pumzi, na watu walinisifu. Kwa hiyo nilianza wimbo wa Bikira Maria ambao kila Mkatoliki wa jiji anaujua, na Mama Véro akaanza kazi yake. Aliposhika mlango wa kizazi kwa kile chuma kama koleo, niliona weupe mbele ya macho. Sauti haikukatika. Hata mimi nilishangaa. Ilikuwa imetoka ndani yangu ikaenda kusimama pembeni, inaimba, na mimi nimebaki juu ya kitanda na maumivu. Nilipofika kwenye kiitikio nilifikiri, sasa nitanyamaza, ili ajue. Wakati huohuo mmoja wa wale wasichana, Solange, mpwa wake Mama Véro, akaingia na sauti ya pili. Alto nzuri, safi, bila kuombwa. Mtu asiyeimba kwaya hataelewa: mwenzako akishakuchukulia sauti ya pili, humwachi njiani. Mwili wangu haukujua namna ya kumwacha. Tuliimba wawili, na ufito wa kupimia kina cha kizazi uliingia, na kitanzi chenyewe kikaingia, kitu kikapasuka ndani yangu kama kitambaa, na tukamaliza ubeti wa mwisho pamoja. Mama Véro alipiga makofi. "Muliona?" aliwaambia wasichana. "Hata sauti haikutetemeka!" Jasho lilikuwa limelowesha kitenge chote chini yangu, lakini kitenge hakuna aliyekitazama.

Kisha ikawa zamu ya Kapinga. Niliketi kwenye benchi nimejikunja, nikamsikia akianza wimbo wa kwao kwa Tshiluba, na kwenye mstari wa pili akapiga kelele ambayo walinzi wa nje waliisikia. Mama Véro aliacha mara moja, kama alivyoahidi. Lakini aliacha kwa maneno. "Mama, fanya nguvu kidogo! Mwenzako sasa hivi ameimba mpaka ku mwisho. Batoto batatu tu. Na weye wa batano?" Wasichana walicheka kidogo. Alimpa Kapinga vidonge vya maumivu, akamwambia arudi siku nyingine, na siku hiyo nyingine alimwekea taratibu, baada ya vidonge kufanya kazi, na kitanzi chake kilikaa vizuri. Kelele yake ilimletea matusi, ila ilimletea pia uangalizi. Wimbo wangu uliniletea makofi. Tulirudi nyumbani kwa miguu kandokando, na Kapinga, ambaye njia nzima ya kwenda alikuwa akiongea, hakusema neno. Mimi nilishindwa kusema kwa sababu kila hatua iliniuma. Naye alidhani nanyamaza kwa maringo.

Maumivu hayakuisha. Mama Véro alikuwa ametuambia kwamba tumbo litakata kidogo siku za mwanzo kisha lizoee, na mimi nilisubiri lizoee. Likafika wakati siwezi kusonga bukari nikiwa nimesimama. Niliweka sufuria kati ya miguu nikasukuma mwiko nikiwa nimeketi, na ikibidi nikamwita Deo, mkubwa wangu, anishikie mpini wa sufuria. Nilipokohoa, niliona nyota. Kapinga hakuleta tena sahani yake kando ya mbabula yangu. Alipika mlangoni kwake, nami nilisikia harufu ya sombe yake kupitia ukuta. Siku moja nilijikaza nikaenda kwake, nikamwambia kwamba kile kitu kinaniumiza.

"Usinicheke, Mama Deo," alijibu bila kuinua macho.

"Sikucheki. Inaniluma, Mama Kapinga, ata kulala silali."

"Uliimba pale. Miye nilikuwa ku benchi, nilisikia. Uliimba muzuri, ata ule mutoto akakusaidia." Aliendelea kukunja vitenge vyake. "Kila mahali napita banasema Mama Deo aliimba, Kapinga alilia kama mutoto. Sasa unakuya kunisemea nini?"

Niligeuka nikarudi mlangoni kwangu. Ndiye mtu pekee ambaye angenielewa. Yeye alijua chuma kile. Naye ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kutoniamini, na sababu hiyo ilikuwa mimi.

Nilirudi kituoni. Niliketi kwenye benchi lilelile, tripleksi ileile, na kabla sijaitwa nikasikia habari zangu mwenyewe zikisimuliwa ndani. Mama Véro alikuwa na mwanamke mwingine kitandani, mwanamke huyo alikuwa akigumia, na Mama Véro akamwambia, kwa upole kabisa, "Tulia, mama. Iko mama mumoja wa Naviundu, aliimba hapa mpaka mwisho, ata hakukunja uso. Haiko kintu. Ni woga tu." Mwanamke akajaribu kuimba. Sauti yake ilivunjika, akaanza tena, ikavunjika, akaanza tena, na nilielewa kwamba anaona haya kwa sababu yangu, ingawa hanijui, na anajilazimisha kufika nilipofika mimi. Nikatamani kupiga ile tripleksi ngumi. Nilibaki nimeketi. Zamu yangu ilipofika, Mama Véro alinipokea kama mgeni wa heshima.

"Maumivu? Weye?" Alicheka, si kwa ubaya. "Mama Deo, ile iko mawazo. Bwana eko mbali, unabaki na batoto peke yako, mwili inawaza. Kunywa hii, lala muzuri, kuya unisalimie." Hakunilaza kitandani. Aliweka vidonge ndani ya karatasi iliyokunjwa na kunipa kwa mikono miwili.

Miezi iliyofuata naikumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa siku. Sauti ya mwiko wa Kapinga upande wa pili wa ukuta. Sauti yangu mwenyewe kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, maana sikuacha kwaya. Niliimba nimebana mkono tumboni chini ya joho, na watu walisema mwaka huu sauti ya Mama Deo imekua. Sauti ya gari lililobeba vitu vya Kapinga alipohamia Hewa Bora. Alinirudishia sufuria yangu, safi, akaiweka mlangoni na kusema "aksanti kwa yote," na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza neno. Baada ya hapo ulikuwa ukimya ambao watoto watatu hawakuweza kuujaza. Niliongea na mtoto mdogo mgongoni. Niliongea na sufuria. Nilianza kufikiri labda Mama Véro anasema kweli, labda ni mawazo, na hilo lilikuwa baya kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu maumivu angalau nilikuwa na hakika nayo.

Mume wangu alipokuja nilimkatalia kitandani, mara ya kwanza, na alipokuja tena nikamkatalia tena. Akakasirika. Alikuwa amekutana na Mama Véro baada ya misa, akamwuliza, na Mama Véro akamwambia mkewe hana shida, aliimba vizuri. "Mama Véro anasema haukuumia. Sasa shida iko wapi? Iko mutu?" aliniuliza, na watoto wakiwa mezani. Nikainuka ili nimjibu, tumbo likanikata, nikakaa chini kwenye sakafu mbele yake na sikuweza kuinuka. Hapo alishtuka. Kesho yake alinipeleka hospitali ya mjini.

Daktari alikuwa kijana wa kiume. Alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akazungusha mashine, kisha akageuza kioo chake upande wa mume wangu. "Papa, ona," alisema. "Stérilet imelala bubaya. Mukono moya iliingia ndani ya nyama ya kizazi. Tangu siku ya kwanza, naona. Mama alikuwa anasikia maumivu kweli." Mume wangu alikaribia kioo akatazama kile kivuli cheupe kwa muda mrefu. "Kumbe ilikuwa kweli," alisema. Akaniomba msamaha, na alikuwa na machozi. Nilimsamehe kwa mdomo. Lakini nilikuwa nimelala pale kati yao, tumbo wazi, na wanaume wawili wanaamini picha. Mwaka mzima nilikuwa nimesema kwa maneno yangu, ya Kiswahili safi, kwamba inaniuma. Sijawahi kujisikia peke yangu kama dakika hiyo ambayo hatimaye nilikuwa nimeaminiwa. Daktari alipokuja kukitoa, aliniambia nikitaka kupiga kelele nipige, hakuna atakayenilaumu. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Basi juzi nilikwenda kwenye kilio. Turubai ilikuwa imefungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki, wanaume upande mmoja, picha kubwa ya Mama Véro akiwa na kofia nyeupe ya uuguzi. Solange, ambaye sasa ni muuguzi mkuu wa kituo chake mwenyewe, mwanamke mnene mwenye miwani, alisimama kutoa ushuhuda. Alisema shangazi yake aliwapenda wagonjwa, na alisema kweli. Kisha akasimulia habari ya mama mmoja wa Naviundu aliyeimba mpaka mwisho, na yeye Solange akamchukulia sauti ya pili. "Mpaka leo nafundisha bainfirmières bangu vile vile," alisema, yaani wauguzi wake. "Mwenye anaimba, haimulume." Watu wakaitikia amina. Wakageukia kwaya, nami nikaanzisha wimbo, maana ndiyo kazi niliyoletewa.

Tulipomaliza nilikwenda nyuma ya nyumba ambako wanawake walikuwa wakipika, na Solange akanifuata mbio, ametandaza mikono. "Mama! Njo weye! Nilijua ile sauti!" Nilimwacha anikumbatie. Kisha nikamwambia polepole, ili asikose hata neno.

"Solange, siku ile iliniluma. Iliniluma sana. Na ile stérilet iliingia ndani ya nyama, nilikaa nayo mwaka muzima."

Alivua miwani. "Lakini mama... uliimba mpaka ku mwisho. Miye nilikuwa pale."

"Niliimba. Njo vile nilifundishwa. Mungeniuliza, ningesema. Hakuna mwenye aliniuliza."

Alitazama miwani yake mkononi. "Miye pia nabaimbishaka bagonjwa bangu," alisema, kwa sauti ndogo. "Kila siku."

"Baimbe. Lakini simamisha mukono kwanza, uliza, ungoye jibu. Na habari yangu, usibapatie tena."

Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama atafanya. Alipokwenda niligeuka, na kando ya sufuria kubwa ya bukari alikuwa amesimama Mama Kapinga, mwiko mkononi, mvi zimejaa chini ya kitambaa. Sikujua kwamba yupo. Alikuwa amesikia yote.

"Mwaka muzima?" aliniuliza.

"Mwaka muzima."

"Na miye nilikuwa ku mulango ya pili."

"Ndiyo."

Akaachilia mwiko. Akaketi kwenye kigoda akaanza kulia, kwa ile sauti yake kubwa ambayo haijui kujificha, mabega yakitikisika, hadi wanaume waliokuwa chini ya turubai wakageuza vichwa. Wanawake waliokuwa wakipika walimzunguka wakampa pole, wakaambiana kwamba huyu mama alimpenda sana marehemu. Sikuwasahihisha. Nilivuta kigoda kingine nikaketi karibu yake, bega kwa bega, nikamsikiliza akilia ule mwaka wangu, na safari hii hakuna aliyemcheka kwa kulia.